Bomba likigonga ukutani, sikiliza kabla hujalipa

Kwa miezi minne tulikuwa na utani mmoja nyumbani kwetu Hallonbergen. Kila mashine ya kufulia ilipofunga maji, ukuta wa jikoni ulitoa mshindo: puu! Mmoja wetu alikuwa akijibu, "Karibu, mlango uko wazi." Tunacheka, tunaendelea kula. Tulikuwa watu watatu tumepanga pamoja, wote tunatoka saa kumi na moja alfajiri: mmoja kwenye usafi wa majumbani, wawili kwenye ujenzi. Nani ana muda wa kuhangaika na bomba linalogonga?

Januari, jirani wa chini akapanda ngazi na simu mkononi. Kwenye picha, dari yake ilikuwa na doa la kahawia kubwa kama sinia. Tukafungua kabati la chini ya sinki, na kumbe ubao wake ulishavimba kama andazi. Ile mashine ilifungwa na mwenye mkataba wa nyumba kwa mikono yake, bila fundi. Kila mshindo ulikuwa ukilegeza kiungo kidogo kidogo, mpaka kikaanza kudondosha. Tone baada ya tone, wiki baada ya wiki, ndani ya kabati ambalo hakuna aliyelifungua zaidi ya kutafuta mifuko ya taka.

Baada ya vikao na meseji nyingi, sehemu yetu ikawa kronor 9,000. Elfu tatu kila mtu. Bima hatukuwa nayo. Na kila anayesomesha watoto nyumbani anajua Januari ni mwezi gani.

Kwa hiyo leo tunaacha kidogo habari za viwango vya kubadilisha fedha na makato ya kutuma, tuzungumze mabomba. Ukweli ni kwamba tunaweza kuhangaika wiki nzima kuokoa kronor 40 kwenye makato, halafu tukapoteza elfu tatu kwa sababu ya sauti tuliyoisikia kila siku tukaipuuza.

Ule mshindo wa "puu!"

Maji yanayotembea ndani ya bomba yana uzito na mwendo, kama daladala iliyojaa. Dereva akikanyaga breki ghafla, abiria wote wanakwenda mbele kwa pamoja. Ndivyo inavyokuwa koki inapofungwa ghafla: maji yote yaliyokuwa njiani yanagota, presha inaruka, na bomba lisiloshikwa vizuri linapiga ukuta. Waswidi wanaita tryckslag.

Nguvu yake si ndogo. Mtaalamu wa Urusi, Nikolai Zhukovsky, alilipima jambo hili kwenye mabomba ya maji ya Moscow mwaka 1897 na 1898, na hesabu yake inatumika hadi leo. Katika bomba la chuma, maji yanayokwenda mita 1 kwa sekunde yakisimamishwa kwa ghafla huongeza presha kwa zaidi ya baa 10. Presha ya kawaida kwenye koki ya nyumbani ni kama baa 3 hadi 6. Kwenye mabomba ya plastiki pigo ni jepesi zaidi kwa sababu plastiki inatanuka kidogo, lakini kiungo kilichofungwa ovyo bado kinaumia.

Wanaosababisha ni wawili hasa. Wa kwanza ni zile koki za mkono mmoja unaoupandisha na kuushusha, ambazo ziko karibu kila nyumba hapa. Wengi wetu tunazifunga kwa kuzipiga na kiganja. Acha. Shusha mkono taratibu, hesabu moja, mbili. Hiyo ni tiba ya bure, na kwa wengine inamaliza tatizo lote. Wa pili ni mashine ya kufulia na ya kuoshea vyombo, kwa kuwa valvu yake inajifunga yenyewe kwa umeme, kwa mkupuo mmoja. Hapo huwezi kuibembeleza. Fundi atalishika bomba kwa vibano, au atapunguza presha, au atafunga kifaa kidogo cha kupokea pigo.

Wakati unasubiri fundi, fanya mambo mawili. Pitisha karatasi kavu ya chooni kwenye viungo vyote chini ya sinki. Karatasi inaonyesha unyevu ambao jicho na kidole havioni. Kisha tafuta koki ndogo ya mashine, mara nyingi iko juu ya sinki au ndani ya kabati, na uwe unaifunga kila ukimaliza kuosha. Sisi tuliijua koki hiyo siku ile fundi alipokuja. Ilikuwa mbele ya macho yetu muda wote, tulidhani ni pambo.

Sauti ya nyoka, usiku

Kama mshindo unatisha, sauti ya "shiii" nyembamba haimtishi mtu, na ndiyo maana inakula pesa kimya kimya. Usiku ndio wakati wa kuisikiliza. Funga koki zote, zima feni ya jikoni, simama bafuni. Ukisikia mtiririko wakati hakuna anayetumia maji, kuna mahali yanatoka.

Anza na choo. Subiri kama dakika ishirini bila mtu kukivuta. Futa sehemu ya nyuma ya bakuli ikauke, kisha bandika hapo kipande cha karatasi ya chooni. Karatasi ikilowa kuanzia juu, tangi linavuja kuingia kwenye bakuli, hata kama macho hayaoni mkondo. Kinachokosea ni mpira wa chini uliochoka, au boya ambalo halifungi vizuri. Choo kikilia filimbi kila kinapojaza, hiyo mara nyingi ni valvu ya kujazia imechoka au imeziba kwa uchafu.

Halafu koki na bomba la mvua. Hapa unaweza kupima mwenyewe bila fundi. Chukua kile kikombe cha kupimia unga, cha desilita 1, weka chini ya tone, angalia saa. Tuseme kinajaa kwa dakika 4. Hiyo ni lita 36 kwa siku, lita 1,080 kwa mwezi wa siku 30. Kama ni maji ya moto, kila lita 1,000 zikipashwa nyuzi 50 zinakula kama kilowati-saa 58 za nishati. Kwa mwezi hapo ni karibu 63. Ukilipa krona moja na nusu kwa kila moja, ni kronor 94 zinazoingia kwenye mtaro, mbali na bei ya maji yenyewe.

Utasema: maji kwetu yamo ndani ya kodi, yananihusu nini? Ni kweli, kwenye nyumba nyingi za kupanga Stockholm maji baridi na joto vimo ndani ya kodi. Lakini kwenye nyumba mpya na nyingi zilizokarabatiwa, maji ya moto yanapimwa kwa kila nyumba na bili inakuja peke yake. Soma ankara yako ya kodi mstari kwa mstari. Ukikuta varmvatten na namba pembeni yake, tone hilo unalilipia wewe.

Wenye kuishi au kufanya kazi kwenye nyumba za kujitegemea wana njia rahisi zaidi. Nenda kwenye mita, funga kila kitu, tazama kile kigurudumu kidogo au nyota. Kikizunguka wakati hakuna maji yanayotumika, kuna uvujaji, hata kama sakafu yote ni kavu.

Kuna dalili moja ambayo wenzetu wa ujenzi wanaijua lakini wakaao ndani hawaijui. Kwenye majengo mapya na mabafu yaliyokarabatiwa, bomba la plastiki hupitishwa ndani ya bomba jingine, na yote hukutana kwenye kabati dogo ukutani. Kutoka kwenye kabati hilo kuna kijibomba kinachotokeza jikoni au bafuni, kifupi kama kidole, hakina koki. Si kosa la fundi, na usikizibe kwa gundi kama rafiki yetu mmoja alivyofanya akidhani wadudu watapita humo. Kazi yake ni kupeleka taarifa: kikidondosha hata tone moja, kuna kiungo kinavuja ndani ya kabati. Piga simu siku hiyohiyo.

Tik, tik, tik

Hii mara nyingi si ugonjwa. Bomba la shaba likipata moto linarefuka. Mita 10 za shaba zikipanda nyuzi 40 zinaongezeka karibu milimita 7, na plastiki inarefuka zaidi ya hapo. Linapojikokota kwenye kibano au kwenye tundu la ukuta linatoa tik, tik, kama saa. Utasikia baada ya mtu kuoga, kisha litanyamaza. Likiwa linagonga bila kunyamaza na hakuna aliyefungua maji ya moto, gusa mabomba yanayoonekana. Bomba la moto ambalo halipoi usiku mzima linaweza kuwa na maji yanayopita kwenda mahali fulani. Kwenye majengo makubwa maji ya moto huzungushwa muda wote ili yafike haraka kwenye koki, kwa hiyo usihukumu kabla hujauliza.

Redieta inayobubujika

Majira ya kupukutika majani yakianza, nyumba za hapa zinawasha joto, na kila mwaka tunapokea swali lilelile: mbona redieta inatoa sauti kama mtu anamimina chai? Hiyo ni hewa. Maji yalikuwa yametulia kiangazi kizima, hewa ikakusanyika juu. Gusa redieta: chini moto, juu baridi, basi jibu umelipata. Waswidi wanaiita element, na kuitoa hewa ni att lufta.

Usikurupuke kuifungua. Wapo wenye nyumba wanaokupa ufunguo wake mdogo wa pembe nne, wengine wanataka mhudumu wao afanye. Ukiruhusiwa: funga thamostati, shika kitambaa na kikombe, legeza skrubu nusu mzunguko. Itatoa pumzi, fuuu, kisha maji. Maji hayo ni meusi na yananuka, usishangae, wala usiyaache yaguse zulia. Yakianza kutoka mfululizo, funga. Usifanye redieta zote za nyumba bila kumwambia mtu, kwa sababu presha ya mfumo inashuka na jirani wa juu atabaki na baridi.

Suala la pesa hapa ni hili. Wengine, redieta ikiwa baridi, wanakwenda kununua hita ya umeme. Hita ya wati 1,500 ikiwaka saa 8 inakula kilowati-saa 12 kila siku, na umeme mara nyingi ni bili yako, wakati joto la redieta umeshalilipia ndani ya kodi. Folkhälsomyndigheten, mamlaka ya afya ya umma ya Sweden, inapendekeza nyuzi 20 hadi 23 ndani ya nyumba. Nunua kipimajoto cha bei rahisi, kiweke katikati ya chumba, andika namba kwa siku tatu, kisha ripoti. Usigharamie kwa umeme wako joto ambalo umeshalilipia kwa mwenye nyumba.

Na kochi lililobanwa kwenye redieta, au pazia zito lililofunika thamostati, linaidanganya kwamba chumba kimepata joto. Vuta kochi kwanza kabla ya kulalamika. Tumewahi kuaibika kwa hilo.

Mtaro unaokoroma

Gluku-gluku kwenye sinki au kwenye tundu la sakafu bafuni ni bomba la maji machafu linalotafuta hewa. Limeanza kuziba. Likikoroma kwako pale wewe unapotoa maji, uchafu uko karibu, pengine ni nywele na sabuni kwenye golvbrunn, lile tundu la sakafu. Hilo unaweza kulisafisha kwa glavu: toa kifuniko, toa kikombe cha ndani, osha, rudisha kama kilivyokuwa. Ukikisahau nje, harufu itakukumbusha. Lakini sinki likikoroma wakati jirani ndiye anayetoa maji, basi uzibaji uko kwenye bomba kuu la jengo, na hapo ripoti tu, usimwage dawa.

Sisi watu wa pwani na bara tunapenda kukaanga: sambusa, maandazi, mihogo, samaki. Mafuta yale yakipoa kwenye bomba yanaganda kama mshumaa, na Stockholm bomba ni la baridi kuliko Mombasa. Yamimine kwenye chupa ya plastiki, funga kifuniko, yapeleke kwenye kituo cha kukusanyia taka. Mabaki kwenye sufuria yafute kwa karatasi kabla ya kuosha.

Zile ambazo si zako

Nyumba nyingi tunazoishi, Tensta, Rinkeby, Husby, Skärholmen, Fittja, zilijengwa enzi za mpango wa nyumba milioni moja, kati ya 1965 na 1974. Mabomba makuu yanashuka kutoka ghorofa ya juu hadi chini kwenye ukuta mmoja, na zege linabeba sauti vizuri sana. Mtu wa ghorofa ya nne akivuta choo saa nane za usiku, wewe wa ghorofa ya pili unasikia mvua inanyesha ukutani. Hilo halina dawa, ni jirani tu anaishi.

Mabomba hayo sasa yana umri wa nusu karne, na ndiyo maana mji mzima unasikia neno stambyte, yaani kubadilisha mabomba makuu ya jengo. Wasomaji wetu wengi wa ujenzi wamepata kibarua humo. Ukiwa mpangaji na barua ya stambyte ikaja, isome kwa makini: itakuwa na tarehe ambazo maji yatafungwa, choo na bafu la muda mtatumia wapi, na je, kodi itapanda baada ya ukarabati. Hilo la mwisho lihesabu mapema kwenye mpango wako wa kutuma pesa. Hyresgästföreningen, chama cha wapangaji, huwashauri wanachama wake kwenye mambo haya. Maji yakirudi, koki itakohoa na kutema maji ya rangi ya kutu. Fungua taratibu, baridi kwanza, yaache yatoke hadi yawe safi.

Kuripoti, na ile hofu

Hapa ndipo penye mzizi. Sisi Hallonbergen hatukushindwa kusikia. Tuliogopa. Tulikuwa tumepanga kwa mtu, yaani andrahand, na hatukuwa na uhakika kama mwenye jengo alijua kwamba tupo. Tukasema, tukipiga simu watakuja kuangalia, watauliza majina, tutatolewa. Tunajua wengi wenu mko hivyo hivyo.

Lakini tazama sheria inasemaje. Jordabalken, sura ya 12, kifungu cha 24, inamtaka mpangaji aitunze nyumba vizuri, na likitokea jambo ambalo likicheleweshwa litaleta madhara makubwa, atoe taarifa mara moja. Kukaa kimya hakukukingi. Kukaa kimya ndiko kunakougeuza uvujaji wa mtu mwingine kuwa uzembe wako. Na kwenye nyumba ya kupanga ya kawaida, koki inayodondosha, choo kinachotiririka, bomba linalogonga, vyote hutengenezwa na mwenye nyumba kwa gharama yake, isipokuwa umeharibu mwenyewe. Huduma hiyo ya bure inaitwa felanmälan. Sisi tuliikimbia, tukalipa kronor 9,000.

Kama umepanga kwa mtu, mwenye nyumba wako ni huyo mtu. Mwandikie meseji, usipige simu tu, kwa sababu simu haiachi alama. Andika tarehe, sauti gani, inatokea lini. Rekodi sekunde kumi kwa simu yako, mtumie. Piga picha ya skrini, hifadhi. Meseji yetu ingekuwa mistari miwili tu: "Mashine ikifunga maji, ukuta wa jikoni unagonga. Imeanza Septemba, tafadhali leta fundi." Tungekuwa na hiyo, mazungumzo ya Januari yangekuwa mengine. Ikiwa nyumba ni bostadsrätt, mabomba makuu ni ya ushirika wa jengo na vitu vingi vya ndani ni vya mwenye nyumba. Wewe bado kazi yako ni ileile, kutoa taarifa.

Maji yakimwagika kweli, usisubiri meseji kujibiwa. Funga koki kuu ya nyumba. Zile za mkono, ukikaa sambamba na bomba zimefunguka, ukikatiza bomba zimefungwa. Itafute leo, kabla ya siku ya shida. Kisha piga namba ya dharura ya jengo, jour, ambayo mara nyingi hubandikwa kwenye ubao wa ngazi za chini. Ipige picha leo ukishuka. Kukiwa na hatari kwa watu, ni 112.

Maneno machache yanatosha. "Det låter i rören": mabomba yanatoa sauti. "Kranen droppar": koki inadondosha. "Toaletten rinner": choo kinatiririka. "Det läcker vatten": maji yanavuja. Mwisho huo ukiutamka, hakuna atakayekuuliza sarufi.

Na bima. Hemförsäkring inalinda vitu vyako, na kwa kawaida inakusaidia ukidaiwa fidia na mtu. Kila bima ina självrisk, kiasi unachokibeba mwenyewe kabla haijalipa. Uliza kabla ya kusaini: je, inanihusu mimi niliyepanga andrahand? Na wenzangu tunaoishi pamoja, je, majina yao yamo? Bima ya mwenye mkataba haikufuniki wewe kwa sababu tu unalala kwenye nyumba yake. Pia kazi ya maji ikifanywa na mtu wa mtaani, bima inaweza kukataa au kupunguza malipo, hivyo hata kama wewe ni fundi hodari nyumbani Arusha au Bukavu, hapa mwachie rörmokare mwenye kibali.

Dada na kaka wa usafi, neno moja kwenu. Mnapita kwenye nyumba za watu zikiwa tupu na kimya, mnasikia ambayo wenyewe hawasikii. Ukisikia "shiii" kwenye nyumba ya mteja, mtumie meseji siku hiyo, hata kama si kazi yako. Doa likitokea wiki ijayo, swali la kwanza litakuwa nani aliingia mara ya mwisho. Na anayeangalia nyumba ya mapumziko ya mteja wakati wa baridi, koki ikikataa kutoa maji siku ya barafu, usiishangilie ikianza kutoa sauti siku joto linaporudi. Maji yakiganda hutanuka kama asilimia 9, bomba likapasuka kimya, na kelele inakuja barafu inapoyeyuka. Funga koki kuu kwanza.

Nyumba unayoijenga

Nyumbani sauti ni nyingine. Dar es Salaam au Nairobi, siku ya mgao, bomba linakohoa usiku na mtaa mzima unaamka na ndoo: maji yamekuja. Kinachokohoa ni hewa inayosukumwa mbele ya maji, na hewa hiyo inaweza kuzungusha mita pia. Mwambie mama afungue koki kidogo, aache hewa itoke taratibu. Akiifungua yote kwa pupa, maji yanakuja kwa kasi nyuma ya hewa, yanagota, na hapo ndipo viungo vinaponyofoka.

Tangi la juu linatoa presha ndogo: kila mita 10 za urefu ni kama baa 1, hivyo tangi lililo mita 6 juu ya koki linatoa baa 0.6 tu. Ndiyo maana watu wananunua pampu, hapo nyumbani na kwa wenzetu walioko Muscat na Dubai vilevile. Kama pampu ina swichi ya kujiwasha, mwambie aliyeko nyumbani aisikilize usiku. Pampu inayojiwasha kila baada ya dakika chache wakati wote wamelala inamaanisha kuna maji yanatoka mahali, na bili ya umeme itakuwa ya pili kukuambia.

Na kama bado unajenga, pesa ya lipu na marumaru usiitume kabla presha haijapimwa. Mabomba yafungwe mwisho wote, yajazwe maji, fundi apandishe presha kwa pampu ya mkono kupita ile ya matumizi ya kawaida, iachwe usiku kucha. Omba video ya geji jioni na nyingine asubuhi, zote zionyeshe ukuta wa nyuma ili ujue ni nyumba yako. Sindano ikishuka, kuna kiungo kinavuja, na kukitengeneza sasa ni kazi ya nusu saa. Omba pia picha za kila ukuta ukiwa na mabomba wazi, futi kamba ikiwa imewekwa pembeni. Miaka mitano baadaye fundi akitaka kutoboa, utamtumia picha hiyo kutoka Stockholm, na atajua pa kupitisha drili.